Vivumishi ambatani vya Kiingereza vinavyoishia na -ed: mwongozo kamili wa kuvielewa na kuvitumia

Mwanafunzi wa Kiingereza anayekutana na “She is thick-skinned” kwa mara ya kwanza atalijua neno la unene na atalijua neno la ngozi, na bado sentensi itamponyoka. Haisemi lolote kuhusu ngozi ya huyo mwanamke. Inasema kwamba maneno ya watu hayamuumizi. Vivumishi vya namna hii vimejaa magazetini, kwenye mitihani, kwenye barua za kazi na katika mazungumzo ya kila siku. Umbo lao ni moja: sifa, kisha nomino, mara nyingi ya kiungo cha mwili, kisha -ed.

Anayesema Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na mtaji, kwa sababu lugha yake ina chombo kinachofanya kazi ileile. Chombo hicho ni -enye. Walimu wengi hawalisemi hili, na kwa maoni yangu ni hasara kubwa, maana ukishalishika, nusu ya ugumu imeondoka.

Hatua ya kwanza: soma -ed kama -enye

Tumezoea kuiona -ed kwenye vitenzi vya wakati uliopita, kama “walked” na “cooked”. Kwa hiyo tukiona “blue-eyed” tunaanza kutafuta kitendo. Hakipo. Hii ni -ed nyingine, yenye asili yake katika Kiingereza cha kale, na kazi yake ni kukiunganisha kitu na mwenye nacho. “Eye” ni jicho. “Blue-eyed” ni -enye macho ya buluu.

Kinachogeuka ni mpangilio. Kiswahili huanza na -enye, hufuata kitu, humalizia na sifa: mwenye, nywele, ndefu. Kiingereza huanza na sifa, hufuata kitu, na -enye yake huja mwisho kabisa: long, hair, -ed. Lisome neno kutoka mkiani kurudi kichwani na Kiswahili kitajitokeza chenyewe. “Three-legged” inasomeka -ed, leg, three: chenye miguu mitatu. “Long-sleeved” ni -ed, sleeve, long: lenye mikono mirefu. “Red-roofed” ni yenye paa jekundu.

Zingatia mambo mawili hapo. Kwanza, -enye hufuata ngeli ya kile kinachoelezwa, kwa hiyo “a three-legged stool” ni kigoda chenye miguu mitatu na “a three-legged table” ni meza yenye miguu mitatu, ilhali Kiingereza hakibadiliki hata kidogo. Pili, nomino iliyo ndani ya kivumishi hubaki katika umoja hata vitu vikiwa vingi: ni “three-legged”, kamwe si “three-legsed”.

Wanasarufi wa Kisanskriti katika India ya kale waliliona jambo hili mapema. Walikuwa na jina la maneno ambatani yanayomtaja mtu kwa kile alicho nacho: bahuvrihi. Jina lenyewe ni mfano wa kile linachokitaja, kwa kuwa bahu ni -ingi na vrihi ni mpunga. Yote pamoja ni mwenye mpunga mwingi, yaani tajiri. Wanaisimu wanalitumia neno hilo hadi leo. “Blue-eyed” ni ndugu yake: halimaanishi jicho, linamaanisha mwenye jicho.

Hatua ya pili: hakikisha si -ed ya kitenzi

Kuna vivumishi ambatani vinavyofanana na hivi kwa sura tu. Chukua “a government-funded project”. Ondoa neno la kwanza ujiulize: kinachobaki kimetokana na kitenzi? Ndiyo, “fund” hapa ni kufadhili, na mfadhili ni serikali. Basi hapo Kiswahili kinataka kauli ya kutendwa: mradi unaofadhiliwa na serikali. “A well-trained nurse” ni muuguzi aliyefunzwa vizuri. Ukilazimisha -enye hapa utaishia kwenye upuuzi.

Neno la mtego ni “tongue-tied”. Lina ulimi ndani yake, kwa hiyo linavuta fikra kwenye kundi la viungo vya mwili, lakini “tied” limetoka kwenye kitenzi cha kufunga. Maana yake ni mtu aliyekosa la kusema kwa haya au woga, kama kwamba ulimi umefungwa.

Halafu kuna kijikundi kinachosumbua hata wanaokijua Kiingereza vizuri. “A soft-spoken teacher” si mwalimu anayesemwa kwa upole. Ni mwalimu anayesema kwa upole. “A well-behaved child” ni mtoto mwenye adabu, na “a well-travelled woman” ni mwanamke aliyetembea kwingi. Umbo ni la kutendwa, maana ni ya kutenda. Hakuna njia ya mkato hapa: yajifunze moja moja. Si mengi.

Vivumishi vya -ing kama “time-consuming”, yaani kinachokula muda, na vile vya namba visivyo na -ed kama “a ten-page report” vina kanuni zao na siviingilii, ila kwa neno moja: kwenye kundi la namba nako umoja unatawala. Ni “ten-page”, si “ten-pages”; ni “a five-year-old child”, si “five-years-old”. Kosa hili ni la kawaida mno katika maandishi yetu.

Hatua ya tatu: amua kama maana ni ya wazi au ya istiari

Hapa ndipo penye kazi. Ukishapata tafsiri ya -enye, jiulize kama inaweza kuwa kweli kwa kile kinachoelezwa. Mjusi anaweza kuwa “cold-blooded” kwa maana ya wazi, kwa sababu joto la mwili wake hufuata joto la mazingira. Muuaji akiitwa “cold-blooded”, damu yake ina joto lilelile la watu wote. Kinachosemwa ni kwamba aliua kwa kukusudia na bila chembe ya huruma.

“Short-sighted” linaonyesha vizuri jinsi kitu kinachoelezwa kinavyoamua maana. Mtu anaweza kuwa na macho yasiyoona mbali, na Waingereza humwita “short-sighted”. Wamarekani kwa kawaida husema “near-sighted”. Lakini sera haina macho. “A short-sighted policy” ni sera isiyotazama mbele, inayotatua la leo na kuliharibu la kesho. Kinyume chake kina mtego mkubwa zaidi. “Far-sighted” akiambiwa kiongozi ni sifa: anaona mbali. Kwa daktari wa macho wa Marekani, “far-sighted” ni mgonjwa anayetatizwa na kuona vitu vya karibu, ambaye daktari wa Uingereza atamwita “long-sighted”. Soma sentensi nzima kabla ya kutoa hukumu.

Na maana ikishakuwa ya istiari, weka -enye kando utafute Kiswahili kinavyolisema jambo hilo. Lugha yetu nayo imejaa semi za viungo vya mwili. Wakati mwingine semi hizo zinaoana na za Kiingereza vizuri ajabu, wakati mwingine zinapingana nazo waziwazi, na hatari kubwa iko kwenye zile zinazofanana kwa maneno zikatofautiana kwa maana. Tupite makundi makubwa.

Mkono. “Open-handed” ni mkarimu, na Kiswahili kinasema hivyohivyo: ana mkono wazi. “Tight-fisted” ni bahili, na sisi tuna mkono wa birika. “Light-fingered” ni mwizi wa vitu vidogovidogo. Kiswahili kinauona mkono huohuo kuwa mrefu. “Empty-handed” ni mikono mitupu, neno kwa neno. Baada ya hapo njia zinaachana. “Heavy-handed” ni kutumia nguvu kupita kiasi, kama polisi wanaotawanya mkutano wa amani kwa virungu. “High-handed” ni kutumia mamlaka kwa kiburi bila kumsikiliza yeyote. “Even-handed” ni kutopendelea. “Short-handed” haihusu mikono mifupi hata kidogo: “hand” hapo ni mfanyakazi, kwa hiyo ofisi iliyo “short-handed” imepungukiwa na watu. “Single-handed” ni kulifanya jambo peke yako, hata kama uliifanya kazi hiyo kwa mikono yote miwili. Na “red-handed”, ambalo hutumika zaidi katika “caught red-handed”, ni kukamatwa papo hapo; taswira ni ya mikono yenye damu ambayo bado haijanawa.

Kichwa. Hapa pana mtego mbaya kuliko yote ninayoijua. “Hard-headed” kwa kawaida haimaanishi kichwa kigumu. Kwa Kiswahili, mwenye kichwa kigumu haelewi haraka au hasikii la kuambiwa. Kwa Kiingereza, “a hard-headed businesswoman” kwa kawaida ni sifa: mwanamke wa biashara anayetazama hali halisi na hachukuliwi na hisia. Mbishi asiyesikia ni “pig-headed”. “Big-headed” ni yule aliyevimba kichwa kwa majivuno. “Hot-headed” ni mwepesi wa hasira, “level-headed” ni mtulivu anayeamua kwa busara hata mambo yakichafuka. “Light-headed” ni kuhisi kizunguzungu. Usilichanganye na “light-hearted”, ambalo ni kuwa na furaha isiyo na mizigo.

Moyo. “Warm-hearted” ni mwenye moyo mkunjufu, na sidhani kuna tafsiri bora zaidi. “Faint-hearted” ni mwoga. “Hard-hearted” ni asiye na huruma, na sikuzote ni lawama, wakati roho ngumu ya Kiswahili inaweza kuwa sifa kwa mtu aliyevumilia mengi. “Half-hearted” huwatesa watafsiri, wanaoandika nusu moyo na kuendelea. Kiswahili kina usemi unaolitosha kabisa, ila umehamia kwenye kiungo kingine: shingo upande. “He made a half-hearted apology” ni: aliomba radhi shingo upande.

Akili. “Absent-minded” ni msahaulifu, lakini kwa sababu maalumu: mawazo yako kwingine. “Single-minded” ni aliyekaza nia kwenye lengo moja. “Like-minded people” ni watu wenye mtazamo mmoja. “Open-minded” hutafsiriwa vibaya karibu kila siku kuwa muwazi. Muwazi kwa Kiswahili ni mtu asiyeficha mambo yake. “Open-minded” ni mtu aliye tayari kuyapokea mawazo mapya na hata kubadili msimamo wake. Anaweza kuwa msiri sana na bado akawa “open-minded”.

Uso, ulimi na shingo. “Two-faced” ni ndumilakuwili. “Sharp-tongued” ni mwenye maneno makali, “tight-lipped” ni aliyekataa kusema lolote. “Stiff-necked” linajulikana kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili kama wenye shingo ngumu. Na “bare-faced liar” ni yule anayedanganya kwa macho makavu. Nalitaja hilo hasa kwa ajili ya “thick-skinned” tuliloanza nalo, kwa sababu wengine hulifasiri kwa macho makavu. Hapana. Mwenye macho makavu hana haya. Mtu “thick-skinned” anaweza kuwa na haya zake zote. Lawama na kejeli tu ndizo hazimchomi.

Hatua ya nne: pima uzito wa neno kabla ya kumwita nalo mtu

Kuelewa na kutumia ni mambo mawili. Katika barua ya kumpendekeza mtu kazini, “level-headed”, “open-minded” na “even-handed” yanafaa na yana heshima. “Hard-headed” litategemea kazi yenyewe. “Strong-willed” lina sura mbili: kwa mtu mzima ni mwenye nia thabiti, lakini mzazi au mwalimu akimwita mtoto “strong-willed” mara nyingi anasema kwa upole kwamba mtoto huyo ni mbishi. “Big-headed” na “tight-fisted” ni maneno ya mazungumzo na yanauma, usiyatie kwenye maandishi rasmi. “Simple-minded” ni tusi, na “feeble-minded”, lililowahi kutumika hata katika tiba na sheria, leo ni tusi zito ambalo halina nafasi isipokuwa katika kueleza historia. “Blue-eyed boy” kwa Waingereza ni kipenzi wa mkubwa fulani, na msemaji huwa na kinyongo kidogo moyoni anapolitamka.

Hatua ya tano: unda lako, ndani ya mipaka

Uzuri wa umbo hili ni kwamba liko hai. Unaweza kuunda “a green-doored shop” na msomaji akakuelewa bila kamusi. Lakini -ed ina mpaka ambao -enye haina. Inakubali vitu vilivyo sehemu ya mwenyewe: viungo vya mwili, akili na tabia, sehemu za chombo au jengo. Kwa kawaida haikubali mali. Kiswahili kinasema mwenye gari jekundu bila shida. Kiingereza hakisemi “a red-carred man”. Kinasema “a man with a red car”. Vivyo hivyo ndugu na marafiki: mwenye kaka watatu hawi “three-brothered”.

Kizuizi cha pili ni kwamba nomino ya kitu ambacho kila mtu anacho haiwezi kusimama bila sifa. “A bearded man” linakubalika, kwa sababu si kila mwanamume ana ndevu. “An eyed woman” halikubaliki, kwa sababu halitoi habari yoyote. Kiswahili ni huru zaidi: tunasema mwenye macho haambiwi tazama, na kila mtu anaelewa kwamba macho hapo ni zaidi ya macho.

Hatua ya sita: kistari

Kwa kundi letu la -ed la umiliki, kanuni ni nyepesi: weka kistari, kabla ya nomino na baada ya kitenzi pia. “An absent-minded man”, na vilevile “he is absent-minded”. Machache yameshikana yakawa neno moja, kama “wholehearted”.

Vivumishi vya “well” vina tabia nyingine. Kabla ya nomino ni “a well-known writer”, lakini baada ya kitenzi wengi huandika “she is well known”. Na kielezi kinachoishia na -ly hakichukui kistari: “a highly respected judge”, “a newly built bridge”. Watu hukibandika hapo kwa kudhani wanaandika vizuri zaidi.

Kistari si pambo. “A little-used car” ni gari ambalo halijatumika sana, na “a little used car” ni gari dogo lililokwisha kutumika. “Twenty-odd people” ni watu ishirini na kitu. Ondoa kistari na umewaita watu ishirini wa ajabu. Mwaka 2007 kamusi ya Shorter Oxford English Dictionary, katika toleo lake la sita, iliondoa vistari karibu 16,000, na baadhi ya watu wakadhani kistari kimekufa. Vilivyoondolewa vilikuwa zaidi vya nomino, kama vile “ice-cream” kuandikwa “ice cream”. Vivumishi vyetu bado vinakihitaji.

Hatua ya saba: tahajia, matamshi na viwango

Konsonanti moja baada ya irabu fupi iliyoandikwa kwa herufi moja huongezwa maradufu: lip huwa “lipped”, leg huwa “legged”. Neno likiisha na e, ongeza d tu: “faced”, “tongued”, “kneed”.

Matamshi ya -ed hufuata sauti iliyotangulia. Baada ya t au d inakuwa silabi kamili, karibu na -id: “hearted”, “handed”, “minded”, “sighted”. Baada ya sauti kama s na p husikika kama t, ndiyo maana “two-faced” huishia na sauti ya t. Kwingine ni d nyepesi: “eyed”, “skinned”. Tuwe waangalifu na silabi ya ziada, kwa kuwa ulimi uliozoea irabu mwishoni hutamani kusema “skinedi”. Mkazo nao husogea: katika “he is open-minded” uzito huelekea “minded”, na katika “an open-minded man” hurudi nyuma kwenye “open”.

Kwa kulinganisha, tumia “more” na “most”: “more open-minded”, “the most short-sighted decision”. Yale ya “well” mara nyingi hugeuka kwa ndani: “better-known”, “best-paid”. Kielezi hupatikana kwa -ly, “half-heartedly”, na nomino kwa -ness, “open-mindedness”.

Jaribio la pamoja

Chukua sentensi hii: “Our hard-headed accountant gave the far-sighted plan only half-hearted support.” Isome kwa -enye kwanza: mhasibu mwenye kichwa kigumu, mpango wenye uoni wa mbali, msaada wenye nusu ya moyo. Hakuna hata kimoja kinachotokana na kitenzi, kwa hiyo hatua ya pili imepita. Mpango hauna macho na msaada hauna moyo, basi hapo ni istiari. Kichwa cha mhasibu nacho ni cha istiari, na tunajua kwamba “hard-headed” haimdharau. Sasa iandike upya: Mhasibu wetu, mtu wa kutazama hali halisi, aliuunga mkono shingo upande mpango ule wa kuona mbali.

Hakuna -enye hata moja iliyobaki katika tafsiri hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Unapoweka daftari lako la maneno, yapange kwa neno la mwisho, yote ya “-handed” pamoja na yote ya “-headed” pamoja, na pembeni ya kila moja andika sentensi nzima uliyolikuta ndani yake.